Maji ya Dakika Kumi

Jumatatu, 2 Septemba 2024. Korogwe

Bodi ya shule imenitwisha kazi. Wanataka kurasa mbili kuhusu "maandalizi ya moto" kwenye mabweni, ziwe tayari kabla kidato cha nne hawajaingia kwenye mtihani wa taifa. Mwenyekiti alinigeukia bila hata kuuliza nani anajitolea: "Mwalimu, wewe si ndiye wa fizikia?" Kustaafu kwangu hakujanisaidia chochote. Nimekubali.

Kilichonifanya nitoe daftari jipya ni mjumbe mmoja aliyependekeza tuandike barua tuombe gari la zimamoto likae karibu na shule. Wote wakaitikia kwa kichwa, mimi nikanyamaza. Huku kwetu ukitaja zimamoto mtu anaona gari jekundu na king'ora, basi, habari imekwisha. Hakuna aliyeuliza gari hilo linabeba nini, wala likiisha kumwaga kilichomo linakwenda kuchota wapi. Nataka nijue hayo kwanza, barua baadaye.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo nimekumbuka nyumba ya brashi.

Baba alikuwa fundi wa korona kwenye shamba moja la mkonge hapa bondeni. Jani lilipitishwa kwenye korona likatoka singa mbichi, singa ikaoshwa, ikaanikwa kwenye nyaya juani siku nzima, ndipo ikapelekwa kwenye brashi kusuguliwa kabla ya kufungwa marobota. Ndani ya nyumba ya brashi ulikuwa huoni mtu wa pili yako vizuri kwa vumbi. Vumbi la singa kavu hushika moto kabla hujamaliza kusema "moto". Mtu aliyekutwa na sigara humo hakuulizwa jina. Alipewa chake akaondoka. Nje ya mlango zilitundikwa ndoo zilizopakwa rangi nyekundu, nyingine za maji, nyingine za mchanga, na kando yake kipande cha reli kilichoning'inizwa ili kigongwe. Nasi watoto tulikatazwa kugusa ndoo hizo kuliko tulivyokatazwa kugusa mashine.

Hicho ndicho kikosi cha zimamoto nilichokijua utotoni: manamba waliotoka kwenye mstari wa brashi, fundi wa zamu, ndoo, na bomba la maji la korona. Bomba ndilo lililokuwa na maana zaidi. Korona hula maji mengi mno, ndiyo maana wenye mashamba walijenga viwanda vyao palipo na mto au kijito. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Hindorf, alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikafika hai 62 tu kati ya elfu moja. Reli kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Na kufikia hapo bonde hili lilikuwa limeshajua linataka kuwa nini. Palipokuwa na kitu cha kuungua sana, yaani singa, palikuwa na maji pia. Hakuna aliyepanga hivyo kwa ajili ya moto. Ilitokea tu, na ilitusaidia.

Jumamosi, 7 Septemba

"Shikamoo mwalimu."

Nimegeuka, naona jitu refu limesimama kwenye kibaraza na mfuko wa machungwa. Nilimfundisha kidato cha tatu, alikuwa mgumu kweli kwenye mada ya kani. Sasa ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, yuko mkoa mwingine, amekuja likizo kumwona mama yake. Marahaba, karibu, kaa. Mama watoto akaleta chai, na mimi nikaleta kalamu.

Nikamwambia ukweli: nataka unifundishe. Akacheka sana. Kisha akachora gari lote kwenye ukurasa huu wa kushoto, na michoro yake ni mizuri kuliko alivyokuwa akinichorea vekta.

Sehemu kuu ni nne, anasema. Tenki, pampu, mipira, na watu. Ngazi, shoka, mitungi ya hewa ya kupumulia, taa, mashine ya kukatia mabati ya gari lililogongana, hivyo vyote ni muhimu lakini vinafuata. Mipira ni ya aina mbili kwa unene: milimita 70 kwa kupeleka maji mbali, na milimita 45 kwa mtu kushika mkononi mbele ya moto. Mipira ya kunyonyea ni mingine kabisa, migumu, haikunjiki, kwa sababu mpira laini ukiunyonya unajibana.

Nikamuuliza swali la mtaani: kwa nini mnakuja bila maji?

Hakukasirika. Ameshalisikia mpaka limekuwa kama salamu. "Mwalimu, piga hesabu mwenyewe. Mpira mmoja ukimwaga lita 400 kwa dakika, na gari lina lita 4,000?"

Dakika kumi.

"Na mipira miwili?"

Dakika tano. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu. Watu waliosimama wakitazama nyumba ya jirani inaungua wanaona gari linafika, linarusha maji, linanyamaza, linageuza, linaondoka. Kinachobaki midomoni ni kwamba limekuja halina maji. Nalo lilikuja nayo, na limekwenda kutafuta mengine. Kama pa kuchota ni kilomita nane, dereva atakaporudi hakuna tena cha kuzima, ni kupoza majivu.

Ameondoka jioni. Machungwa ni ya Muheza, matamu.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada nimekaa na karatasi za sheria. Nazifupisha hapa ili nisirudie.

Zamani moto wa mji ulikuwa wa halmashauri ya mji. Uwanja wa ndege ulikuwa na magari yake, bandari yake, kiwanda kikubwa chake. Hakukuwa na jeshi moja. Sheria ya huduma za zimamoto ya mwaka 1985 ilikuwepo, lakini bado mji tajiri ulikuwa na gari na mji maskini ulikuwa na ndoo. Ndipo ikaja Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, askari wakawa wa taifa, na namba ya dharura ikawa 114. Kwa mji kama wetu mabadiliko hayo yana uzito. Korogwe ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na Handeni vivyo hivyo. Kila moja inahangaika na madawati na zahanati. Ukiiachia halmashauri ya namna hiyo inunue gari la kuzima moto, utangoja.

Wazee wa rika langu bado tunasema faya. Dar es Salaam kuna kituo kizima cha mabasi pale Barabara ya Morogoro kinaitwa Faya, kwa sababu ya kituo cha zimamoto kilichopo hapo. Huku kwetu hakuna kituo kilichoupa mtaa jina. Wenye maduka wa Korogwe wengi wamelijua jeshi kwa mlango wa ukaguzi: kanuni za mwaka 2008, ada, cheti, mtungi mwekundu nyuma ya mlango. Ukiingia dukani ukiuliza mtungi unatumikaje, mwenye duka anakuonyesha cheti.

Nimeandika pia, kwa sababu inahusu vifaa: Januari 2020 Rais Magufuli alimwondoa Waziri wa Mambo ya Ndani, Kangi Lugola, na Kamishna Jenerali wa Zimamoto, Thobias Andengenye, kwa sababu ya makubaliano ya vifaa ya zaidi ya euro milioni 400 na kampuni ya Romania ambayo hayakupita kwenye taratibu za bajeti ya Bunge. Fedha nyingi kiasi hicho kwenye karatasi, na bwenini kwetu ndoo moja haina mpini. Naona hasira inaniongoza kalamu. Nalala.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeshuka mtoni asubuhi. Pangani imepungua, kama kawaida ya Septemba, lakini maji yapo na yanakwenda. Nilisimama juu ya ukingo nikitazama chini na kukadiria: mita tano? Sita?

Swali hili ni la fizikia tupu na limenifurahisha kuliko mengine yote. Gari la zimamoto linaweza kusimama kando ya mto, likateremsha mpira mgumu wenye chujio mwishoni, likanyonya. Lakini pampu haivuti maji. Inaondoa hewa ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Mwanasayansi Torricelli alilieleza hilo miaka ya 1640: hewa yote iliyo juu yetu haiwezi kuinua maji zaidi ya mita kumi na kidogo, hata ulete pampu ya namna gani. Kwa kazi halisi, yenye viungo vinavyovuja na mpira uliochakaa, watu wa zimamoto huhesabu mita saba na nusu. Ukingo ukizidi hapo, mto mzima unapita chini yako na hupati hata kikombe. Nimeona watu wazima wakibishana na sheria hii. Haibishiki.

Tena kuna jambo la pili. Pampu ya kwanza tunayoijua ya kurusha maji kwa nguvu ni ya Ktesibios, Aleksandria, karne ya tatu kabla ya Kristo: silinda mbili na pistoni mbili, moja ikishuka nyingine inapanda. Pampu ya pistoni hunyonya hewa na maji sawasawa. Hata zile za mikono za Ulaya, ambazo wanaume walizisukuma juu chini pande zote mbili, zilikuwa za ukoo huo. Mpira wa ngozi uliowawezesha kuusogelea moto ulikuja miaka ya 1670 kwa Jan van der Heyden wa Amsterdam, naye kwa kazi alikuwa mchoraji wa picha. Kisha ikaja injini. Kampuni ya Dennis ya Guildford, Uingereza, ilitengeneza gari lake la kwanza la zimamoto mwaka 1908 ikaliwekea pampu ya kuzungusha, na magari ya leo yamerithi pampu hiyo. Ni nyepesi, ina nguvu, haichoki. Kasoro yake ni moja: ikiwa na hewa tumboni haiwezi kitu. Lazima kifaa kingine kidogo kiitangulie kutoa hewa, wenyewe wanakiita praima. Praima ikifa, gari la mamilioni linabaki kuwa tenki la kutembeza.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza gari linapoletwa wilayani ni je, linanyonya, na swali la pili ni njia ya kulifikisha ukingoni. Pale nilipokuwa nimesimama, lori lingezama kwenye matope ya mashamba ya mboga kabla ya kufika.

Jumamosi, 14 Septemba

Leo ni miaka minne tangu bweni la Shule ya Byamungu, Kyerwa, liungue usiku na kuchukua watoto 10.

Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12. Shauritanga, Rombo, Juni 1994: wasichana zaidi ya 40. Wakati wa Shauritanga nilikuwa tayari mwalimu, na asubuhi ile tulisikiliza redio ofisini mpaka chai ikapoa, hakuna aliyekwenda darasani kwa saa nzima.

Nimekwenda kutazama mabweni yetu. Madirisha yana nondo, yote. Mlango ni mmoja na unafungwa kwa nje saa nne usiku kwa sababu ambazo kila mzazi anazijua na kuziunga mkono. Nimemuuliza mlezi wa zamu ufunguo uko wapi. Uko kwake. Na yeye analala wapi? Nyumba ya tatu kutoka hapa.

Sina la kuongeza leo.

Jumanne, 17 Septemba. Handeni

Nimepanda basi kwenda Handeni kumjulia hali shemeji, na kwa ajili ya daftari. Lami imekunja kilomita 65 kuwa safari ya kunywa soda. Nakumbuka enzi za vumbi, ukifika huko nywele ni nyekundu na shemeji hakutambui. Hata hivyo kilomita 65 ni 65. Gari zito la zimamoto likitoka Korogwe kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, bila ng'ombe barabarani, ni karibu dakika 56. Paa la nyasi humaliza kazi yake kabla dereva hajafika kilomita ya kumi.

Handeni ni habari nyingine na bonde letu. Huku maji ndiyo historia. Shemeji anahesabu umri wa watoto wake kwa miaka ya ukame. Wameishi kwa malambo, madumu, punda na subira. Miaka ya 1970 serikali ililaza bomba kubwa kuleta maji ya Pangani mpaka huku, mradi ambao kila mtoto wa Handeni anaujua kwa herufi tatu, HTM, na karibu kila mtu ana kisa cha bomba hilo kupasuka au pampu kuharibika. Sasa wanazungumzia mradi wa miji 28 unaogharimiwa na mkopo wa India, na Handeni imo, Korogwe nayo imo. Shemeji anasema ataamini siku ndoo itakapojaa bila yeye kuamka saa tisa za usiku.

Naye ndiye aliyesema neno ambalo nimelibeba njia nzima ya kurudi. Nilimwambia habari za gari la lita 4,000. Akafikiri. "Shemeji, likija hapa siku hatuna maji wiki ya pili, watu watalizingira wachote."

Hakuwa anatania.

Moto wa huku, kwa hesabu zake, mara nyingi ni wa porini: mtu anasafisha shamba, mwingine anarina asali kwa kienge, mwingine anachoma mkaa, upepo wa mchana unageuka. Sheria ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002, inakataza kuwasha moto ovyo na inamtaka mtu aliye karibu asaidie kuuzima. (Nambari 14 tena. Sheria mbili za moto, namba moja, miaka mitano katikati.) Kwa moto wa namna hiyo gari halina kazi, haliingii vichakani. Kazi ni matawi mabichi, mapanga, majembe, na kipande cha ardhi kilichofyekwa mapema ili moto ufike ukose chakula. Mlima Kilimanjaro ulipowaka Oktoba 2020, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi walipanda na zana hizo hizo. Wazigua wa huku wanajua kufyeka mpaka wa shamba kabla ya kuwasha kuliko ofisa yeyote atakavyowaandikia kwenye bango, na wanajua pia nani mwaka huu hakufyeka.

Jumatano, 18 Septemba

Bado Handeni. Nimemuuliza shemeji kuhusu Chogo, maana yule kijana wangu wa zimamoto ndiko alikofunzwa.

Kinachonishangaza ni kwamba tuko hapa tunalia hatuna zimamoto, na chuo cha jeshi lote la nchi kiko wilaya hii hii. Vijana wanaletwa kutoka kila mkoa kwenye wilaya yenye shida ya maji kujifunza kutumia maji. Nilimwambia kijana hivyo siku ile, akasema labda ndiyo sababu, huko unajifunza kutoyamwaga.

Chogo ina habari yake ya zamani kuliko chuo. Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa na meli kutoka pwani hii, wengine kwa kudanganywa wakati wa njaa, wakauzwa utumwani kusini mwa Somalia. Waliofanikiwa kutoroka walijificha kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, na wakakitunza Kizigua. Vita ya Somalia ilipolipuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wajukuu wao walikimbilia huku, wakashuka Handeni wakiongea lugha ambayo bibi wa huku waliielewa. Kwanza waliwekwa Mkuyu, kisha Chogo, na wengi wakapewa uraia. Wakimbizi na zimamoto, wote ni watu wa Wizara ya Mambo ya Ndani. Shemeji anawakumbuka wa kwanza waliofika: anasema mzee mmoja alitaja jina la mlima wa huku ambao hakuwahi kuuona.

Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote aliyepelekwa Chogo ni Majaliwa Jackson, yule mvuvi wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja, watu 43 ndani, 19 wakafa. Yeye alifika na mtumbwi akasaidia kufungua mlango kwa kasia. Rais akaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Naona watu walilisifia kasia kama muujiza. Mimi nalisifia kwa sababu lilikuwa pale. Kifaa cha uokoaji cha kwanza ni kile kilichopo dakika ile, mkononi mwa mtu anayejua kukitumia, na huyu alikuwa amelishika kasia tangu utoto.

Jumapili, 22 Septemba. Korogwe

Kijana amepita kuniaga, likizo imekwisha. Nilimwonyesha mpango wangu: simtanki la lita 10,000 juu ya mnara mfupi kando ya mabweni, na bomba kubwa chini lenye koki, ili gari likija lichote hapo badala ya kwenda mtoni. Nilijiona mjanja.

Akauliza: "Koki ya kiungio gani?"

Basi nimesoma somo jipya usiku huu. Magari ya zimamoto nchini yametoka kila pembe: Uingereza, Ujerumani, Japani, mengine yalikuwa mtumba wa miji ya huko, yameletwa kama msaada. Kila nchi ina kiungio chake cha mpira. Waingereza wana chao cha kusukuma kikajifunga chenyewe, dume na jike. Wajerumani wana cha Storz, kilichobuniwa 1882, ambacho pande zote mbili zinafanana, unakizungusha robo. Wajapani wana chao. Ukiwa na tenki lililojaa, pampu nzima na askari hodari, lakini kiungio kimekataa, umesimama tu unaangalia maji upande mmoja na moto upande wa pili.

Si hadithi. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliwaka. Miji jirani ilipakia mashine zake kwenye treni, Washington ikafika mapema. Wakashuka, wakakimbilia haidranti za barabarani, viungio havikuingia. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea, na baada ya hapo ndipo Wamarekani walipokubaliana vipimo vya pamoja vya viungio.

Dawa ni adapta: pete ya shaba au aluminiamu, upande huu uzi huu, upande ule uzi ule. Kijana anasema kwenye gari lao wanazo kwenye sanduku, na sanduku hilo analikagua mwenyewe kila akipokea zamu. Ameniahidi kuuliza gari linaloweza kuitikia simu ya huku linatumia kiungio gani. Nimemwambia aniandikie kwa ujumbe, asinipigie, maana kwenye simu nitaandika vibaya.

Alhamisi, 26 Septemba

Moshi mweusi upande wa Segera mchana. Ilikuwa matairi tu, mtu anachoma kwa fundi. Lakini nilitetemeka, kwa sababu pale njia za Tanga, Dar na Moshi zinakutana, na malori ya mafuta yanapita usiku na mchana.

Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019. Lori lilipinduka, watu wakaja na madumu, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Moto wa petroli haupigwi maji matupu. Petroli ni nyepesi, inaelea juu ya maji na kuendelea kuwaka ikisafiri. Unataka povu: maji yanachanganywa na dawa, yanatengeneza blanketi linalofunika mafuta yasipate hewa. Maji yanabaki kuwa sehemu kubwa ya povu, kwa hiyo hata hapo tunarudi kwenye tenki.

Na bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linapita wilaya zetu, Handeni na Korogwe, kwenda Chongoleani: kilomita 1,443, bomba la inchi 24 linalopashwa joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Hoima yana nta, yakipoa yanaganda. Sijui kama kuna kijiji kando ya njia kilichowahi kuona povu la zimamoto hata kwa maonyesho. Ningependa shule za huku zionyeshwe. Watoto wakiona mara moja petroli inaelea juu ya maji huku inawaka, hawatakwenda na dumu.

Jumanne, 1 Oktoba

Bodi imekaa saa tatu na nusu. Kurasa zangu mbili zilisomwa kwa sauti na katibu, ambaye hasomi, anakimbia.

Nondo: imekubaliwa kila bweni madirisha mawili yafanywe ya kufunguka kwa ndani. Mzazi mmoja alipinga kwa ajili ya wezi. Nikawataja wa Shauritanga, nikakaa. Hakuna aliyeongea kwa muda, kisha mwenyekiti akasema tupige kura.

Kufuli la nje: limeondolewa. Komeo la ndani, na mlezi atalala bwenini humo humo, kwenye chumba cha kwanza. Hili lilileta ugomvi mrefu kuliko fedha, kwa sababu linahusu kitanda cha mtu.

Simtanki: ndiyo, la lita 5,000, si 10,000. Lita 5,000 ni dakika kumi na mbili na nusu za mpira mmoja. Nimewaeleza hivyo, mhasibu akasema dakika kumi na mbili zinatosha. Nikamwambia zinatosha ikiwa watoto wako nje tayari. Maji haya ni ya kuokoa bweni la pili, watoto wanaokolewa na mlango. Amekubali kwa uso wa mtu anayetaka kwenda kula.

Zoezi: kila muhula, mara moja mchana na mara moja usiku, bila kutangaza la usiku. Kengele iwe rimu ya lori, si ya umeme.

Barua ya kuomba gari: imeondolewa kwenye ajenda. Badala yake tutawaalika zimamoto waje wakague na watupimie njia ya kuingilia. Lango letu la mbao lina upana wa mita mbili na nusu, na kijana ameniandikia kwamba gari nalo lina upana karibu huo huo. Ameandika pia aina ya kiungio. Kesho fundi wa bomba anakuja saa mbili; nitamwonyesha ujumbe wenyewe kwenye simu asije akanunua koki ya bustani.

Lango lipanuliwe na nani, halijaamuliwa. Mwenyekiti anasema ni la mwakani. Nitalirudisha kikao kijacho.